Nafasi ya Hatua Moja

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu ametutaka kila mmoja wetu awe na daftari. "Andikeni, hata mstari mmoja," alisema, "mnipumzishe na kusema jambo moja mara arobaini." Basi hili ndilo langu. Mvua nazo zimeanza leo hii hii, saa tisa alasiri, kana kwamba zilikuwa zinanisubiri ninunue kalamu.

Nina miaka thelathini na mitatu. Nashona magodoro katika karakana iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, naishi na Mama, na huu ni mwaka wa tatu nacheza judo katika uzito usiozidi kilo sitini na tatu. Mwalimu wetu siku za kazi ni fundi wa meno ya bandia. Tunafanyia mazoezi katika ghala la zamani la nafaka, na mpaka leo ukianguka vibaya unaamka na vumbi la mahindi puani.

Habari kubwa ya leo ni kwamba Gundi amehamia kwetu. Klabu yao imefungwa, ukumbi umegeuzwa duka la vioo. Gundi ndilo jina analojulikana nalo mkekani, kwa sababu akikushika habanduki. Mwaka jana tulikutana kwenye mashindano, akanimaliza kwa sekunde arobaini. Sikupata hata kujua mchezo umeanza. Alikuja moja kwa moja, akanikumbatia kifua kwa kifua, akaninyanyua kama anayehamisha kabati. Leo ameingia ghalani, akaweka mfuko wake chini, akasalimia watu wote kwa pamoja kwa kutikisa kichwa, basi.

Halafu Mwalimu akatangaza: mashindano ya mkoa ni tarehe moja Juni, kila klabu inapeleka mwanamke mmoja kwa kila uzito, na mchujo wetu ni tarehe kumi na nane Mei. Katika uzito wangu tulikuwa mmoja. Sasa tuko wawili.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu aliniita pembeni. "Wewe unajua mitupo sita na hakuna hata mmoja unaoujua," aliniambia. "Mwaka huu utajifunza mmoja."

Una jina refu la Kijapani ambalo yeye hulitamka vizuri na sisi hatulitamki kabisa. Tunauita kukinga. Mkono wa kushoto unashika mkono wa koti la mwenzio, wa kulia unashika ukosi wake. Unamvuta atoke kwenye miguu yake, unageuka ukimpa mgongo, kisha unanyoosha mguu wa kulia mbele ya kifundo chake cha mguu, chini kabisa, kama kizuizi. Yeye anataka kupiga hatua, hatua haipo, anapita juu ya mguu wako na kushuka chali.

"Mitupo mingine unamkumbatia mtu," Mwalimu alisema. "Huu hapana. Huu unataka hewa kati yenu. Nafasi ya hatua moja. Bila hiyo nafasi huna mtupo, una vurugu."

Nikatazama upande wa pili. Gundi alikuwa amemkumbatia mtu.

Jumamosi, 9 Machi

Kugeuka mara mia mbili. Kisigino cha kulia kimechubuka.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Kazini sponji zimelowa ubavu mmoja kwa sababu ya dirisha, bosi amenuna mchana kutwa.

Jumanne, 12 Machi

Nimefunga mpira wa tairi la baiskeli kwenye nguzo ya karakana. Saa ya chakula navuta, nageuka, nakinga. Wenzangu wawili wa kukata vitambaa wanakula huku wananitazama. Mmoja aliuliza, "Sasa hiyo nguzo itaanguka lini?" Nikamwambia tarehe kumi na nane Mei.

Mama aliona alama za bluu mkononi nilipokuwa navua koti la mvua. Kila wiki huzihesabu. Leo ni tano. "Mtu mzima na akili zake," alisema, "anatoka nyumbani kwa miguu yake, anakwenda mahali, anaangushwa, anarudi, kesho anakwenda tena." Akanipa mafuta ya kuchua. Ndivyo alivyo Mama, maneno kwanza, mafuta baadaye.

Jumanne, 19 Machi

Mtupo unakuja. Kwa mtu aliyesimama na kunisubiri, nambwaga mara tisa kati ya kumi. Kwa Gundi sipati hata mara moja. Nikimshika namsukuma awe mbali, yeye anafurahi tu na kuja. Mkono wangu unakunjika, ameshaingia, kifua chake kiko kwenye kifua changu, na sikio langu liko kwenye shingo yake. Sijui mtu atageukaje akiwa hapo. Ni kama kujaribu kugeuka ndani ya mkono wa shati.

Mwalimu alikaa anamrekebisha Gundi nusu saa nzima. Mimi alinipa dakika tano.

Ijumaa, 22 Machi

Sikuandika, sikufanya kitu. Nimelala mapema.

Alhamisi, 28 Machi

Gundi, mara nne. Mimi, sifuri. Aliponibwaga mara ya nne alininyooshea mkono aninyanyue, na mimi nikajifanya nafunga mkanda.

Jumamosi, 30 Machi

Paa la ghala limeachia. Tulipofungua mlango asubuhi maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na mikeka kumi na minne imelowa mpaka ndani. Mwalimu alisimama mlangoni suruali ameikunja. Nilimwonea huruma. Mikeka ile aliikusanya kwa miaka minane.

Nilisema inaweza kuokolewa. Mkeka wa judo si kitu cha ajabu, ni godoro gumu lenye ngozi ya plastiki. Ukifumua mshono wa ubavu mmoja, ukaitoa sponji ikakauka imesimama, halafu ukashona upya, unarudi kuwa mkeka. Kesho karakana imefungwa na bosi amenipa ufunguo. Mwalimu akauliza nani atakuja kunisaidia. Watu wakatazama dari ambayo haikuwepo. Gundi akasema, "Mimi."

Sikufurahi.

Jumapili, 31 Machi

Tumekuwa kwenye karakana tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, sisi wawili tu.

Gundi ni fundi lipu. Sikujua. Nilidhani ni askari au kitu cha namna hiyo, kwa ule ukimya wake. Alifika na viatu vyenye saruji, akanitazama nikifumua mkeka wa kwanza, na wa pili akaufumua mwenyewe bila kukata hata uzi mmoja vibaya. Tulisimamisha sponji ukutani kama watu waliopanga foleni. Wakati zinakauka nilimwonyesha sindano ya kushonea magodoro, ile ndefu kama kiganja na nusu, na jinsi ya kuivuta kwa mkono mzima wala si kwa vidole.

"Ndiyo maana mshiko wako wa mkono wa koti hautoki," alisema. "Nilikuwa najiuliza."

Nikamuuliza alikuwa anajiuliza lini, maana mimi najikuta chini kila wakati.

"Ukiwa unaanguka bado umenishika," alisema. "Wengine huachia."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kusikia kutoka kwake. Baadaye aliimba kidogo akishona. Ana sauti mbaya sana na hajali.

Alhamisi, 4 Aprili

Paa limezibwa, mikeka imerudi. Mwalimu alipita akibonyeza mishono yangu kwa kidole gumba, mmoja mmoja, kama anayekagua fizi. "Hii itadumu kuliko mimi," alisema.

Jumanne, 9 Aprili

Gundi mara tano. Mimi sifuri. Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo nimefanya jambo baya na nitaliandika lilivyokuwa.

Kazini bosi alinirudishia magodoro matatu, eti mishono imepinda. Haikupinda. Nilibishana naye, nikafumua, nikashona upya, nikafika ghalani nimechelewa na kifua kimejaa. Tulipoanza kupambana, Mwalimu alinipanga na Gundi, na Gundi akanibwaga. Akanibwaga tena. Ya tatu alinibana chini mpaka nikagonga mkeka kuomba kuachiwa. Hakusema neno la kunikera, hakucheka, alikuwa anafanya kazi yake tu. Lakini mimi nilikuwa tayari nimeamua kwamba ananidharau.

Mara ya saba nilisema moyoni, hii lazima. Alikuja kama kawaida, akanibana. Nafasi haikuwepo, hata ya kupitisha karatasi. Nikageuka hivyo hivyo, kwa nguvu, nikatupa mguu. Haukufika kwenye kifundo. Ulikwama kwenye goti lake, kwa ubavu, na mimi nikaendelea kuvuta kwa uzito wangu wote. Nilisikia sauti kama ya kitambaa kizito kinapochanika.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, akalishika goti kwa mikono miwili, na uso wake ukawa na rangi ya saruji kavu. Nilipiga magoti karibu yake nikawa narudia, "Samahani, samahani," mpaka Mwalimu akaniambia ninyamaze nilete barafu. Kioski cha jirani walinipa mfuko mzima. Mwalimu alimpeleka kwa daktari kwa gari la mzazi wa mwanafunzi mmoja.

Nilibaki ghalani nafagia sakafu isiyo na uchafu. Mwalimu aliporudi alisema mshipa wa goti umevutika, haukukatika. Wiki mbili asilikunje na asipande jukwaa la kazi. Halafu alikaa kwenye benchi, akaniuliza taratibu, "Ulitaka kumtupa, au ulitaka kumkomoa?"

Niliegemeza ufagio ukutani. Nikasema, "Kumkomoa."

"Haya," alisema. "Sasa umejua kwa nini mtupo huu unataka nafasi. Si kwa ajili yako tu."

Ijumaa, 12 Aprili

Goti lake lisipopona kabla ya mchujo, nafasi ya kwenda mkoani ni yangu nikinyamaza tu. Nimelifikiria hilo, sitadanganya. Halafu nikafikiria ule uso wake.

Nimemwambia Mama. Hakunigombeza. Aliuliza, "Umekwenda kumwona?" Nikasema namwonea aibu. "Kwa hiyo aibu yako ndiyo yenye goti bovu?" alisema, akaanza kuosha sufuria kubwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Tulikwenda wote wawili, Mama mbele na supu ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa, mimi nyuma na mwavuli. Gundi anaishi vyumba viwili na kaka zake wawili, nao ni mafundi lipu. Sijawahi kuona kuta laini kama zile. Ndani hakuna nafasi kabisa: kitanda, kabati, kitanda, meza. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa na mto juu yake, anawaelekeza kaka zake jinsi ya kuosha vyombo.

"Shikamoo, mama," alisema, akataka kusimama.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Ukisimama namwaga supu," Mama alimjibu. Akaketi ukingoni mwa kitanda kama aliyezaliwa humo, na baada ya dakika kumi alikuwa anajua mpaka jina la mwajiri wao na kwamba hawalipwi kwa siku za mvua.

Hilo la mvua lilinichoma. Siku za jua ni chache, na nimemkosesha hizo chache.

Nilisema niliyokuwa nimeyaandaa njia nzima. Kwamba nilikuwa na hasira, kwamba haikuwa ajali ya bahati mbaya tu, kwamba niliilazimisha. Kwamba nimemwambia Mwalimu mchujo usubiri goti lake, na kama halitapona, mimi nami siendi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua," alisema. "Ulikuwa unapumua kama mtu anayebeba mchanga." Kisha akasema, "Lakini kwenda, nenda. Nikipona nitakunyang'anya mwenyewe. Usiniwekee kitu kama mgonjwa."

Kaka yake mkubwa akacheka, akasema Gundi hajawahi kuwekewa kitu humu ndani, hata nyama. Hapo ndipo nilipoelezwa. Walijifunza mieleka wakiwa wadogo, watatu, katika chumba kile kile, kati ya kitanda na kabati. "Ukirudi nyuma unagonga kabati," Gundi alisema. "Ukigonga kabati mama yetu anaamka. Kwa hiyo nilijifunza kwenda mbele tu."

Wiki zote hizi nilidhani ni kiburi. Kumbe ni kabati.

Halafu akanishangaza. Alinivuta karibu na kiti, akanishika ukosi wa gauni. "Nisukume."

"Goti lako."

"Goti liko kwenye ndoo. Nisukume kwa mkono."

Nikamsukuma kifuani, kidogo. Mkono wangu ukakunjika kwenye kiwiko na yeye, akiwa amekaa vile vile, akapita chini yake, kichwa chake kikawa begani kwangu.

"Umeona? Mtu akinisukuma ananifungulia mlango. Nafurahi sana mtu akinisukuma. Wewe unasukuma kila siku, dada, mpaka nakuonea huruma."

"Sasa nifanye nini?"

"Usinisukume mimi. Ondoka wewe. Pembeni, siyo nyuma. Mimi nitakufuata, siwezi kujizuia, ndivyo nilivyo. Na nikiwa nakufuata, mguu wangu uko hewani."

Nilimuuliza kwa nini ananiambia, wakati yeye ndiye nitakayemfanyia.

"Kwa sababu utaujaribu mtupo ule hata nisipokuambia," alisema. "Bora uujaribu ukiwa na nafasi. Goti ni langu."

Mama njia nzima ya kurudi alikuwa anamsifia mtoto wa watu. Mimi nilikuwa natembea kando ya barabara nikipiga hatua za pembeni, nikakanyaga dimbwi.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemwomba Mwalimu nisifanye kukinga wiki hii, nifanye kuondoka tu. Hatua moja ya pembeni, mwenzio anafuata. Hatua moja, anafuata. Hakuna kumbwaga mtu. "Nani kakwambia?" Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akasema alikuwa amepanga kunifundisha hilo mwezi Mei, na ndiyo maana wiki zote zile alikuwa akimrekebisha Gundi, ili nipate mtu wa kunibana sawasawa.

Nami nilidhani anampendelea. Nimeona haya peke yangu.

Alhamisi, 18 Aprili

Hatua za pembeni. Mvua ya mawe, paa limeshika.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama amepeleka supu tena bila kuniambia.

Jumamosi, 27 Aprili

Gundi amerudi, goti limefungwa bendeji. Daktari amemruhusu kuangushwa, bado hajaruhusiwa kupambana. Basi amejitolea: mimi nijifunze kwake, yeye aanguke. Nilimbwaga mara ishirini leo, na kila mara nilipogeuka nilipunguza kasi mwishoni, nikaushusha mguu kwa woga.

Ya ishirini alibaki amelala, akaniita. "Dada, unanihurumia."

"Naogopa."

"Kuogopa ni vizuri. Ogopa kabla hujageuka. Ukishageuka, maliza. Mguu unaosita katikati ndio unaovunja watu."

Jumanne, 30 Aprili

Mara arobaini. Sikusita zaidi ya mara mbili.

Alhamisi, 2 Mei

Leo nimeipata nafasi. Siyo kwa kuambiwa, nimeihisi. Niliondoka kwa mguu wa kushoto, mkono wake wa koti ukabaki nyuma yangu kama kamba ya mbuzi anayefuata, na kati yetu pakafunguka uwazi, mdogo tu, wa kupepesa jicho. Nilikuwa nimeshaingia kabla sijawaza. Alipaa. Alipofika chini alisema, "Eeh, huo," kwa sauti ya mtu aliyeonja chumvi ikakolea.

Jumanne, 7 Mei

Ameruhusiwa kupambana. Gundi mara nne, mimi mara moja. Mara moja ile nililala nayo.

Jumamosi, 11 Mei

Tatu kwa mbili. Mvua imepungua, zinakuja za jioni tu. Gundi amerudi kwenye jukwaa la kazi, anapiga lipu ukuta wa shule.

Jumatano, 15 Mei

Nimepima: kilo sitini na mbili na robo. Gundi sitini na tatu kamili, na amekuja amevaa nguo nyepesi kuliko zote alizo nazo. Alikunywa maji kwa kuyaangalia.

Jumamosi, 18 Mei

Mchujo. Mama alikuja. Hajawahi kukanyaga ghalani. Alikaa kwenye benchi na mkoba mapajani, akamuuliza Mwalimu kama meno yake ya chini yanaweza kurekebishwa. Mwalimu akamwambia afunge mdomo taratibu, akatazama, wakapanga siku.

Mshindi ni wa mara mbili kati ya tatu. Mwalimu mwenyewe refa.

Mara ya kwanza sikumsukuma hata kidogo. Alikuja, nikaondoka. Alikuja, nikaondoka. Watu walidhani namkimbia. Alipokuja tena niliondoka kwa hatua ndefu kidogo, akaifuata kwa mguu wa kulia, na kabla mguu haujatua nilikuwa nimegeuka na nimekinga. Sikusita. Alikwenda mzima mzima, mgongo wote, mkeka ukalia. Pointi kamili, ile inayomaliza pambano papo hapo. Sikuamini mpaka nilipoona mkono wa Mwalimu juu.

Mara ya pili alinikamata chini, akanibana sekunde ishirini, zinazotosha kushinda. Nilizihesabu zote.

Mara ya tatu ilichukua dakika nne nzima. Sijawahi kuchoka namna ile na kufurahi kwa wakati mmoja. Dakika ya tatu nilipata nafasi, safi, kubwa kuliko ya kwanza. Nikaingia. Na yeye akaruka mguu wangu, kama mtu anayeruka mfereji, kwa sababu ameanguka juu ya mguu ule mara mia tano na anaujua kuliko kitanda chake. Alipotua upande wa pili mimi ndiye niliyekuwa sina miguu. Nilianguka ubavu. Nusu pointi. Muda ukaisha.

Tulipoinamiana alikuwa analia na kucheka. "Umenitesa," alisema sikioni kwangu.

Mama njiani alisema, "Ile ya kwanza uliruka vizuri sana."

"Mama, aliyeruka ni yeye."

"Ndiyo hiyo hiyo," alisema. "Mlipendeza."

Jumapili, 19 Mei

Nimeshindwa na nimelala saa tisa mfululizo. Nilisubiri uchungu uje, nikawa nakunja nguo nikiusubiri. Ulikuja mchana kidogo, wakati naosha koti. Jioni haukuwepo.

Jumanne, 21 Mei

Mwalimu anatafuta wa kumwandaa Gundi. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Sasa mimi ndiye ninayembana na yeye ndiye anayeondoka. Hajui kuondoka hata kidogo. Anagonga kabati lisilokuwepo.

Jumanne, 28 Mei

Ameondoka mara mbili leo, vizuri.

Jumamosi, 1 Juni

Mashindano ya mkoa. Naandika nikiwa kwenye kiti cha basi la kukodi, nisamehewe mwandiko.

Gundi alishinda mapambano mawili ya kwanza kwa mtindo wake, kwa kukumbatia, yote mawili kwa jumla ya dakika tatu. Fainali alipewa mwanamke mrefu mwenye mikono kama ngazi, na yule naye ni wa kukumbatia. Alipitisha mkono juu ya bega la Gundi, akaushika mkanda mgongoni, akamfunika. Sijawahi kumwona Gundi amefunikwa. Alikwenda mbele, kama kawaida yake, na kila alipokwenda mbele yule mrefu alimkaza zaidi. Akaangushwa ubavu. Nusu pointi. Imebaki dakika moja na sekunde kumi.

Refa alisimamisha mchezo wafunge makoti vizuri. Sisi tulio pembeni tunaruhusiwa kusema wakati huo tu. Gundi alitutazama. Mwalimu alifungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimeshatangulia. "Ondoka wewe," nilimwambia, hata sikupaza sauti. "Pembeni."

Alikunja uso. Mchezo ukaendelea. Yule mrefu alikuja kumfunika, na Gundi, ambaye maisha yake yote amekwenda mbele, akasogeza mguu pembeni. Hatua moja. Yule akamfuata. Uwazi ukafunguka kati yao, niliuona mimi na nadhani hakuna mwingine ukumbini aliyeuona isipokuwa Mwalimu, ambaye alinishika bega. Gundi akageuka. Mguu ulikwenda chini, kwenye kifundo, mahali pake hasa.

Ulikuwa ule mtupo wangu, na sikuwahi kuuona kwa nje. Nilidhani ni mtupo mkubwa. Kumbe ukiutazama ni mdogo, kama mtu aliyeitwa njiani akageuka kuangalia nani kamwita. Mwanamke mwenye mikono kama ngazi alipita juu na kutua chali. Pointi kamili.

Mwalimu alikaa chini, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Gundi alikuja na medali, akanivalisha mimi, akaniacha nayo mpaka tulipofika kwenye basi, ndipo akaidai. Sasa amelala begani kwangu. Hata usingizini habanduki.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua zimekatika, wiki nzima jua. Mama alimwalika Gundi chakula cha mchana. Alifika na mfuko mdogo wa saruji nyeupe, akaziba ufa wa ukuta wa jikoni kabla hajakubali kukaa.

Tulipoketi alisema, "Mwakani napanda uzito. Nakwenda sabini."

Niliweka kijiko chini. Nilimwambia asiniachie nafasi kwa huruma, maana yeye mwenyewe alishakataa kuwekewa kitu.

"Huruma gani?" alisema. "Dada, tangu Januari sijashiba. Nabeba ndoo za saruji mchana kutwa na jioni nakula nusu sahani. Wiki ya mchujo niliota mkate unanifukuza. Mwalimu amekubali, daktari amekubali. Tutakwenda wote wawili, wewe sitini na tatu, mimi sabini."

Nilimtazama kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anatazama sufuria.

"Yaani sasa huyu anaruhusiwa kula?" Mama aliuliza.

"Anaruhusiwa, mama," Gundi alijibu.

"Na wewe?" Mama akanigeukia.

"Mimi nabaki sitini na tatu."

"Basi lete hicho," Mama alisema, akachukua kipande kikubwa cha nyama kutoka kwenye sahani yangu, akamwekea Gundi.